Niko hospitali, lakini sijalazwa

Mwaka jana, asubuhi moja ya Jumanne, nilimsindikiza mama kwenye kliniki ya macho, na kwa kuwa foleni ilionekana ndefu, niliwaandikia wenzangu wa ofisini ujumbe mfupi kwa Kiingereza, lugha ambayo kundi letu la WhatsApp huitumia kwa mambo ya kazi: "I am in hospital, back by two." Nilikusudia kusema kile ambacho ningekitamka kwa Kiswahili bila kufikiri, yaani niko hospitali na nitakuwa nimerudi kufikia saa nane. Sikuona kosa lolote katika sentensi hiyo, wala wenzangu Wakenya hawakuliona, kwani wawili walinipa pole ya kawaida na kuendelea na shughuli zao. Mkuu wetu wa idara, ambaye ni Mwingereza, aliisoma vingine kabisa. Aliahirisha kikao changu cha alasiri, akamgawia mtu mwingine kazi niliyokuwa nimeianza, kisha akamtuma dereva wa ofisi na shada la maua. Dereva alinikuta nimeketi kwenye benchi la korido nikiwa na kikaratasi chenye nambari 63 mkononi, baada ya kuhangaika pale mapokezi kwa karibu nusu saa akiuliza nimelazwa wodi gani. Nilimpa mama yale maua ayashike. Aliyatazama kwa lile jicho ambalo lilikuwa bado halijatiwa dawa, akaniuliza kwa sauti ya chini ni nani aliyefariki.

Kwa Mwingereza, mtu aliye "in hospital", bila kile kijineno "the" katikati, ni mgonjwa aliyelazwa. Aliyekwenda kumjulia hali mgonjwa, au kuchukua majibu ya maabara, au kumsindikiza mama yake, yuko "at the hospital". Wamarekani huiweka "the" hata kwa aliyelazwa, lakini sisi huku tulirithi mtindo wa Waingereza, na mtindo huo haukuishia hospitalini. Aliye "in prison" ni mfungwa, ilhali aliye "in the prison" anaweza kuwa fundi wa mabomba aliyeitwa kuziba mfereji unaovuja. Aliye "at sea" ni baharia. Aliye "in bed" amejilaza, na mende aliyejificha kwenye shuka hastahili maneno hayo. Kiswahili, kinapotaka kueleza mambo ya aina hii, hukimbilia kitenzi kamili: amelazwa, amefungwa, amelala. "Niko hospitali" inataja mahali tu, na anayetaka kujua nimefuata nini huko hana budi kuuliza. Ninakumbuka usemi mmoja tu wa mitaani unaokwenda njia ya Kiingereza, nao ni "yuko ndani", ambao hapa Nairobi maana yake ni kwamba mtu huyo amefungwa au amewekwa korokoroni. Waingereza nao, kwa bahati isiyo na maelezo, husema "he is inside" kwa maana hiyo hiyo. Nimewahi kukuta rasimu ya tafsiri ambamo "the manager is in" imegeuzwa kuwa "meneja yuko ndani", nikaifuta kabla haijamfikia meneja mwenyewe.

Kazi yangu ni kutafsiri ripoti, mabango na miongozo ya mafunzo, kutoka Kiingereza hadi Kiswahili na kinyume chake. Baada ya kisa cha maua nilianza kuweka daftari la sentensi za aina moja tu, zile ambazo kitenzi chake ni "be" na kinachokifuata ni kirai kihusishi, yaani kihusishi kama "in" au "on" pamoja na maneno yanayokiandamana. Nilidhani zingejaza ukurasa mmoja. Daftari limekaribia kujaa, na kadiri ninavyolisoma ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba katika sentensi hizi "be" ni msumari tu uliopigwa ukutani, na kwamba kihusishi kile kidogo ndicho kilichobeba mzigo ambao Kiswahili humtwika kitenzi.

Shuleni tulifundishwa kuwa tuna vitenzi vishirikishi vipungufu vya aina mbalimbali. "Ni" na "si" huunganisha nomino na sifa yake, au nomino na nomino nyingine: kitabu ni kizuri, mama ni mkulima. Mahali pana vishirikishi vyake, "-po", "-ko" na "-mo", ambavyo huanza na kiambishi cha ngeli ya kile kinachozungumziwa: kitabu kipo mezani, funguo ziko kwa jirani, sukari imo koponi. Hakuna asemaye "kitabu ni mezani", labda awe anasisitiza mahali na sentensi yake iwe inaendelea, kama vile "ni mezani nilipokiacha". Kiingereza hakikugawa kazi hii. "The book is good", "the book is mine", "the book is on the table": kitenzi ni kile kile, nacho hakitoi dokezo lolote kwamba safari hii tunazungumzia mahali.

Tofauti hiyo inaonekana waziwazi mtu akikata mwisho wa sentensi. Ukiondoa "mezani" katika "kitabu kipo mezani", unabaki na "kitabu kipo", sentensi kamili ambayo muuzaji wa vitabu huitamka mara nyingi kwa siku, maana ile "-po" imekwisha kushika mahali ndani ya kitenzi. Ukiondoa "on the table" katika sentensi ya Kiingereza, unabaki na "the book is", na msikilizaji wako atangoja umalizie. Wanaoweza kuliachia "is" likae peke yake ni wanateolojia na wanafalsafa, wanaosema "God is" wakimaanisha kuwa Mungu yupo. Wale waliotafsiri Biblia ya Kiswahili inayojulikana kama Union Version walilijua jambo hili walipofika Kutoka 3:14. Mahali ambapo Biblia ya Kiingereza ya King James imeandika "I AM THAT I AM", wao waliandika "MIMI NIKO AMBAYE NIKO". Wangaliandika "mimi ni", wana wa Israeli wangalibaki wakingoja neno linalofuata.

Wanasarufi wa Kiingereza wenyewe wamevutana kuhusu kirai hiki. Sarufi kubwa iliyotolewa na Randolph Quirk na wenzake watatu mwaka 1985 iliorodhesha miundo 7 ya kishazi, na mmoja kati ya hiyo ni wa kiima, kitenzi na kielezi kisichoweza kuondolewa, mfano wake ukiwa ni sentensi za "be" na mahali. Sarufi ya Huddleston na Pullum ya mwaka 2002 inakiita kirai hicho kijalizo, yaani sehemu inayokikamilisha kitenzi, bila kusitasita, na inaendelea kusema kwamba hata "in" iliyosimama peke yake, kama katika "the doctor is in", ni kihusishi kisicho na nomino nyuma yake. Mimi, niliyefundishwa kwamba chagizo ni kitu unachoweza kukitoa na sentensi ikasimama, nimeegemea upande wa hao wa pili. Kitu ambacho sentensi haiwezi kuishi bila hicho hakistahili kuitwa chagizo.

Binti wa kaka yangu, ambaye alikuja kutoka Kwale kukaa nami Buruburu ili asome Gredi ya 7, alinifungulia ukurasa mpya katika daftari langu. Jioni moja alinionyesha zoezi lililorudi na alama kubwa ya kuuliza, ya wino mwekundu, pembeni ya sentensi hii: "My father is on the table." Alikuwa ameulizwa baba yake yuko wapi wakati wa chakula cha jioni, na akilini mwake jibu lilikuwa safi kabisa: baba yupo mezani.

"Shangazi, mbona kitabu kikiwa mezani ni 'on the table', na baba akiwa mezani si 'on the table'?"

Nilimwambia achore. Alichora kitabu kimelala juu ya ubao wa meza, kisha akamchora baba yake amelala vilevile, kofia kifuani, akacheka hadi akaangusha kalamu. Kiswahili kinaweza kumudu "mezani" kwa wote wawili kwa sababu kiambishi "-ni" husema tu kwamba jambo lipo katika eneo la meza, na anayesikiliza hutumia akili yake kuamua kuwa kitabu kiko juu na baba yuko kando, mbele ya sahani. Kiingereza hakikubali kumwachia msikilizaji kazi hiyo. Kinakulazimisha useme kama kitu kimegusa uso wa kingine, au kimezingirwa nacho, au kimefika tu kwenye nukta yake: "on", "in", "at". Picha iliyo ukutani iko "on the wall", lakini ufa ulio ukutani uko "in the wall". Embe lililo mtini liko "on the tree", na kunguru aliye mtini yuko "in the tree", kwa kuwa matawi yanamzunguka na embe limeshikamana na tawi. Nilipomweleza hilo la kunguru, binti alilikubali upesi kuliko nilivyotarajia, akaniambia kuwa ni "mo".

Hapo ndipo nilipolazimika kumtahadharisha. Mtoto wa pwani anayesikia "-po", "-ko" na "-mo" kila siku hushawishika kuamini kuwa ameletewa vihusishi vitatu vya Kiingereza vilivyovaa kanga. "Mo" na "in" hukutana mara nyingi, ni kweli. Lakini "po" huonyesha mahali mahususi na "ko" mahali pasipobainishwa, na hakuna hata kimoja kati ya viwili hivyo kinachojali kugusa au kutogusa, jambo ambalo ndilo roho ya "on". Watoto wa jirani zangu wana shida nyingine. Nairobi imemeza "po" na "mo" na kubakisha "ko", tena mara nyingi "iko" kwa kila ngeli, na mahali pa "-ni" imeweka "kwa": simu iko kwa meza, maziwa iko kwa friji, watu wako kwa barabara. Sitaki kuwa mlinzi wa lango la lugha, kwani nami nikiwa sokoni Gikomba husema vivyo hivyo, lakini mtoto aliyezoea "kwa" moja kwa mahali pote atahitaji muda zaidi kuzoea kwamba Kiingereza kina tatu, na vingine vingi nyuma ya hivyo.

Hiyo "kwa" inayotajwa pamoja na mtu, ambayo Kiswahili sanifu kimeikubali tangu zamani, ina pacha wake katika Kiingereza. Tunasema "niko kwa daktari" bila kutaja nyumba wala chumba, na Mwingereza husema "I am at the doctor's", akiacha ile alama ya umiliki ikining'inia bila kinachomilikiwa. Lugha zote mbili zimelificha neno la mahali, kila moja kwa namna yake. Ukiandika "I am at the doctor" utaeleweka, lakini utakuwa umemfanya daktari mwenyewe kuwa kituo cha basi.

Tukizungumzia basi, Kiingereza huweka abiria "on the bus", "on the train", "on the plane", lakini "in the car" na "in the taxi". Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba "on" hutumika kwa chombo ambacho mtu anaweza kusimama na kutembea ndani yake. Nimejiuliza sana kuhusu matatu. Lile kubwa la viti 33 nililipa "on" bila wasiwasi. Lile la abiria 14 nimelipa "in", maana hata nje ya sheria hakuna awezaye kusimama wima mle, na kisheria kusimama kulikomeshwa na kanuni za Waziri John Michuki mwaka 2004. Kwa kipimo hicho, kanuni za barabarani zilitutungia sarufi.

Mahali, hata hivyo, ni sehemu rahisi. Kurasa zilizonitoa jasho katika daftari ni zile ambazo kirai hakitaji mahali popote. Ripoti moja niliyoitafsiri kuhusu mradi wa maji katika mitaa kadhaa ya jiji ilikuwa na aya yenye sentensi hizi zikifuatana: wakazi "are against the plan", wadi tatu "are without water", zahanati "is out of gloves", mradi "is behind schedule", na kijitabu cha mafunzo "is about clean water". Sentensi tano zenye kitenzi kimoja, "be", mara tano. Rasimu ya kwanza, ambayo sikuiandika mimi, ilikuwa imetafsiri neno kwa neno: wakazi wako dhidi ya mpango, wadi tatu ziko bila maji, zahanati iko nje ya glavu, mradi uko nyuma ya ratiba, kijitabu ni kuhusu maji safi. Ya tatu kati ya hizo ilinifanya niione zahanati imesimama barabarani, imevua glavu zake.

Nilichofanya ni kukitazama kila kihusishi na kujiuliza ni kitenzi gani cha Kiswahili kilichojificha ndani yake. "Against" kilikuwa kupinga, kwa hiyo wakazi waliupinga mpango. "Without" kilikuwa kutokuwa na kitu: wadi tatu hazikuwa na maji. "Out of" kilikuwa kuishiwa: zahanati iliishiwa na glavu. "Behind" kilikuwa kuchelewa, na "about" kilikuwa kuhusu, yaani kile kitenzi tunachokiona kila siku katika "kinahusu". Sentensi tano zilipata vitenzi vitano, na yule aliyekuwa amekalia kiti cha kitenzi, "be", hakuacha hata alama.

Tangu hapo nimeifanya desturi. "Under construction" ni kujengwa. Barabara ya Mombasa ilikuwa katika hali hiyo wakati barabara ya juu ya Nairobi Expressway ikijengwa, hadi ilipofunguliwa mwaka 2022, na kwa miezi yote hiyo nilisikia watu wakisema "inajengwa" na sikumsikia hata mmoja akisema "iko chini ya ujenzi", maneno ambayo nimeyaona kwenye mabango. "On strike" ni kugoma. "Under arrest" ni kukamatwa. "Like" ni kufanana, na hapa pana shimo ambalo wengi wetu tumetumbukia: "What is he like?" haiulizi mtu huyo anapenda nini, inauliza yukoje, na anayejibu "tea and mandazi" amejibu swali jingine. Kinachonifurahisha zaidi ni "beyond repair". Kiingereza kinatumia kihusishi chenye maana ya kupita upeo na nomino yake, kana kwamba gari limevuka mpaka wa nchi ya mafundi. Kiswahili kinalisema lote kwa neno moja, halitengenezeki, kikitumia kauli ya kutendeka na ukanushi, na fundi wa Grogan, mtaa wa gereji hapa Nairobi, hahitaji kuongeza kitu isipokuwa kutikisa kichwa.

Huenda mtu akanikumbusha kwamba Kiswahili nacho kina maneno kama "kuhusu" na "kutoka" yanayofanya kazi ya kihusishi. Ni kweli, na ushahidi huo uko upande wangu. "Kuhusu" ni kitenzi kilichosimamishwa mbele ya nomino na kuambiwa kiwe kihusishi. "Kutoka" ni kitenzi kingine. Na "kuliko", tunachokitumia kulinganisha, kina ndani yake "-li-" ya kuwa na "-ko" ya mahali. Vihusishi vyetu vingi ni vitenzi vilivyohamishwa idara. Ndiyo maana "chai imetoka Kericho" inatutoka mdomoni kwa wepesi kuliko "chai ni kutoka Kericho", ingawa nakiri kuwa hiyo ya pili, pamoja na "kijitabu ni kuhusu", nimejikuta nikiitamka mwenyewe siku ambazo nimeshinda nikisoma Kiingereza.

Isidhaniwe kuwa Kiswahili hakiwezi kumweka mtu ndani ya hali kama vile hali ni chumba. Tunasema yumo hatarini, yumo matatani, yuko likizoni, yuko masomoni, na magazeti hupenda sana vichwa vya habari vya mtindo wa "Waziri mashakani", ambapo hata hiyo "yuko" imetupwa nje kama Waingereza wanavyoitupa "is" katika vichwa vyao. Lakini hatuingii kila chumba wanachoingia wao. Mtu aliye "in a hurry" ana haraka, aliye "in debt" ana deni, aliye "in pain" anaumwa, na aliye "in tears" machozi yanamtoka. Tungemweka machozini, msikilizaji angetafuta ndoo. Sijapata kanuni inayotabiri ni hali gani itakayopokea "-ni" na ipi itakayodai "kuwa na". Binti naye alinidai kanuni hiyo, nikamwambia ajifunze moja moja, jibu ambalo mimi mwenyewe nililichukia nilipokuwa na umri wake.

Kuna virai vingine vilivyojificha hata Waingereza wenyewe hawavioni. "Alive" ilikuwa zamani "on life" katika umbo lake la Kiingereza cha kale, na "asleep" ilikuwa "on sleep". Ile "a" ya mwanzoni ni kihusishi kilichochakaa hadi kikabaki irabu. Kwa sababu hiyo maneno haya yanakubali kukaa baada ya "be" na yanakataa kukaa mbele ya nomino: "the child is asleep" ni sawa, lakini "the asleep child" huliumiza sikio. "Afraid" inafanana nayo kwa sura na tabia ilhali haitoki katika ukoo huo, kwa maana asili yake ni umbo la kitenzi. Nasi tuna mabaki ya namna yake. Kile kishirikishi "yu", ambacho katika mazungumzo ya kila siku kimekwisha kupisha "ni" na "yuko", bado kimeng'ang'ania katika "yu hai", "yu macho" na "yu tayari". Inaonekana uhai na usingizi ni mambo ambayo lugha hazipendi kuyabadilishia mavazi.

Binti wa kaka yangu alipata alama nzuri zaidi katika zoezi la pili, isipokuwa kwa sentensi mbili. Ya kwanza ilikuwa "I don't know where is he", iliyotokana moja kwa moja na "sijui yuko wapi", ambapo sisi hatubadilishi chochote kati ya swali lenyewe na swali lililomezwa na sentensi nyingine. Kiingereza kinataka "where he is", na tena kinakataza kuifupisha ile "is" ikiwa mwisho. Unaweza kusema "he's in the kitchen", lakini huwezi kusema "I know where he's", kwa kuwa kirai kilichopaswa kufuata kimeondoka kwenda mbele na kuacha pengo, na "is" lililo jirani na pengo haliwezi kukatwa. Ya pili ilikuwa "I am to Mombasa", kwa maana kwamba amewahi kufika huko. Alikuwa amesikia "I have been to Mombasa", akaona kuwa kitenzi ni "be" na akakigeuza kuwa wakati uliopo, kama mwanafunzi makini anavyopaswa kufanya. Haikuwa haki kumkata alama bila maelezo. "To" ni kihusishi cha mwendo, na "be" hukikubali kirai cha namna hiyo katika hali timilifu tu, pale "been" inapojifanya kuwa kwenda na kurudi. Aliyekwenda na bado hajarudi "has gone to Mombasa", na aliyekwenda akarudi "has been to Mombasa". Kiswahili cha "ameenda Mombasa" hakisemi kama amerudi, mpaka uongeze neno.

Jambo moja dogo limenipa faraja, maana lilinionyesha kuwa hata "ni" yetu ina nafasi yake mahalini. Mtu akitafuta kitabu atauliza "kiko wapi", lakini aliyealikwa harusini huuliza "harusi ni wapi?", na mwenyeji hujibu "ni Machakos, saa nne". Harusi na mkutano ni matukio, na tukio halikai mahali kama kikombe kinavyokaa kabatini, hutokea. Kihispania, chenye vitenzi viwili vya kuwa, hufanya vivyo hivyo: vitu vilivyo mahali hupewa "estar", na matukio hupewa "ser". Kiingereza hakitofautishi, kikisema "the wedding is in Machakos" na "the cup is in the cupboard" kwa pumzi moja.

Mwezi uliopita nilimaliza kuhariri mwongozo wa Kiingereza wa wakufunzi wa afya ya jamii. Ulikuwa umeandikwa na Wakenya, na kila baada ya kurasa mbili mkufunzi alielekezwa kusimama na kuwauliza washiriki, "Are we together?" Mkenya yeyote aliyepita darasani analijua swali hilo, ambalo ni "tuko pamoja?" iliyovishwa Kiingereza, na anajua kuwa halihusu kukaa mahali pamoja. Mhariri aliyeko ng'ambo alikuwa amelizungushia duara kila lilipotokea, na pembeni ya lile la kwanza akaandika kwamba washiriki tayari wako katika chumba kimoja. Nilikubaliana naye, nikaweka "Are you with me?" mahali pote 14, kirai kihusishi halali baada ya "be", na mwongozo ukachapishwa hivyo. Nilikwenda Machakos kushuhudia mafunzo ya kwanza. Mkufunzi, mwongozo ukiwa wazi mkononi mwake, alifika mwisho wa ukurasa wa 2, akaitazama ile sentensi yangu, akainua macho na kuwauliza watu: "Are we together?" Walimjibu wote kwa sauti moja.